Kwetu, Sisi na Nani

Mtu anayejifunza Kiswahili ukubwani huchelewa kutenganisha kwangu na kwetu. Kitabu cha sarufi kitamwambia kwamba tofauti ni ya umoja na wingi tu, naye ataamini, mpaka siku atakapoalikwa. Ukimwambia rafiki "karibu kwangu," umemwalika kwenye chumba unacholipia kodi. Ukimwambia "karibu kwetu," huenda umemwalika kwenye safari ya kutwa nzima ndani ya basi. Kwangu kuna funguo, kwetu kuna makaburi. Sijawahi kumsikia mtu akisema "kwangu Rombo" akimaanisha kijiji cha babu yake, hata akiwa mtoto wa pekee, wazazi wameshatangulia na pale kijijini hakuna anayemjua kwa sura. Ataendelea kusema kwetu, na wingi ule utabeba watu ambao hawapo.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikijiuliza wingi huo unamhesabu nani. Katika familia yangu swali hili halina nafasi ya kubaki la sarufi, kwa sababu baba amestaafu na anataka kuuza nyumba ya Mwanza ili arudi Rombo, na mama hataki. Mimi niko Tübingen, Ujerumani, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nasikia kila upande kwa simu kwa saa yake. Baba hupiga asubuhi. Mama hupiga usiku, baada ya baba kulala.

Jambo la kwanza nililoligundua, baada ya kuwasikiliza kwa muda mrefu hivi, ni viwakilishi vyao. Baba husema "kwetu Rombo." Mama, aliyezaliwa Lushoto, husema "kwetu Lushoto." Na anapotuambia sisi watoto wake habari za Rombo, husema "kwenu." "Huko kwenu mvua zimechelewa." "Watu wa kwenu wanaoa Desemba." Nimeisikia kauli hii tangu utotoni bila kuishangaa, kwa sababu ndivyo mama wengi husema. Lakini tazama hesabu yake: mwanamke amezaa watoto watatu, amewalea miaka yote, na katika lugha yake mwenyewe hana kwetu hata moja anayoishiriki nao. Wao kwao ni kwa baba yao. Yeye kwao ni kwa baba yake. Kilichobaki katikati, ile nyumba ya Mwanza iliyotulia juu ya miamba, yeye huiita kwangu.

Nyumba hiyo sitaisifu kuliko inavyostahili. Iko kwenye mteremko, upande wa barabara ya kwenda Nyegezi, na aliyewahi kujenga Mwanza anajua mteremko ule maana yake nini: nusu ya pesa inaishia kwenye msingi kabla hujaona ukuta. Baba alihamishiwa Mwanza kikazi mwaka 1991 na kiwanja walikinunua baadaye, kwa mkopo wake wa kazini. Kuta zilipanda kwa mshahara wake. Bati zilitoka kwenye mchezo wa mama na wanawake wenzake, zamu yake ilipofika. Kokoto za kumwagia zege mama alizinunua debe kwa debe kutoka kwa wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo kando ya barabara, akizibeba mwenyewe pale ambapo gari halikuweza kupanda. Mpaka leo anaweza kukuonyesha chumba na kukwambia kilijengwa kwa faida ya maandazi ya mwaka gani.

Baba naye ana hoja, tena nzito. Yeye ni kitinda mimba. Katika mila za Wachaga kihamba hugawiwa watoto wa kiume, na yule wa mwisho ndiye anayebaki na boma la wazazi: nyumba, migomba inayoizunguka, na makaburi yaliyo chini ya migomba hiyo. Bibi alifariki mwaka 2019. Tangu hapo nyumba imefungwa, kuna kijana anayelipwa kuilinda, na kila baba akienda anakuta mpaka umesogea. Masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachaga huipanda kuonyesha mipaka na huitumia pia kuombea msamaha, yanang'olewa usiku na kupandwa hatua moja ndani ya shamba letu. Hilo linamuumiza baba kwa namna ambayo mtu aliyekulia mjini ataiona ni ndogo. "Pale lazima awepo mtu," huniambia. Hasemi lazima awepo yeye. Anasema mtu, kama anayezungumzia zamu ya ulinzi ambayo imemfikia na hakuna wa kumpokea.

Tuna methali inayodaiwa kulimaliza suala la nani ni wa wapi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida hutumika kuwasema wanaokaa sana kwa ndugu zao bila kusaidia kazi. Shangazi yangu huitamka huku akiangalia kochi. Lakini kwa muda sasa nimekuwa nikiisikia kama mwaliko. Siku ya kwanza na ya pili unakaa, unaletewa maji ya kunawa, kila kitu kinafanywa mbele yako na wewe hugusi. Siku ya tatu mtu anakukabidhi jembe, na kwa tendo hilo anakwambia kwamba kuna sehemu ya shamba itakayobaki bila kulimwa usipolima wewe. Kuhitajiwa kwa namna hiyo si adhabu. Neno lenyewe mwenyeji linabeba maana mbili, mzaliwa wa mahali na mtu anayempokea mgeni, na nadhani jembe ndilo linalokuvusha kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Mimi jembe langu nilipewa Tübingen, na lilikuwa kibao.

Sehemu hii ya kusini-magharibi mwa Ujerumani, Swabia, ina utaratibu wa zamani unaoitwa Kehrwoche, yaani wiki ya kufagia. Katika jengo la kupanga, kila kaya ina wiki yake ya kusafisha ngazi na njia ya mbele. Zamu inatambulika kwa kibao kidogo kinachoning'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Ukimaliza wiki yako unakihamishia kwa jirani. Wajerumani wa mikoa mingine huwacheka Waswabia kwa ajili ya kibao hiki. Mimi nilikuwa nimeshamaliza taratibu za serikali: nchi hii inakutaka ujiandikishe makazi ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba, jambo ambalo Mtanzania yeyote aliyewahi kufuata barua ya utambulisho serikali ya mtaa halimshangazi. Nilipewa karatasi yenye muhuri inayosema mimi ni mkazi. Haikunigusa moyo. Wiki chache baadaye nilirudi kutoka maktaba jioni nikakuta kibao kinaning'inia mlangoni kwangu.

Bibi wa ghorofa ya chini ndiye aliyekitundika. Ni mama mzee, mjane, anayeishi peke yake na hatabasamu ovyo. Kesho yake alipanda kunionyesha kazi: unaanzia juu, hukosi kona, maji ya kudekia yasiwe mengi kwa sababu ngazi ni za mbao. Hakuniuliza natoka nchi gani. Hakuniuliza nitakaa muda gani. Kwa watu wengine wote niliokutana nao mji ule, maswali hayo mawili yalitangulia jina langu. Nilimpigia mama nikamweleza kwa furaha, naye akacheka mpaka simu ikaanguka. "Kwa hiyo umepanda ndege kwenda Ulaya kufagia ngazi?" Nikamwambia ndiyo, na nimefagia vizuri.

Sasa linganisha na Rombo. Tulikuwa tunakwenda kila Desemba, kama Wachaga wote wenye nauli: basi kutoka Mwanza kupitia Shinyanga, Singida, Babati, Arusha, kisha Moshi, kisha gari jingine kupitia Himo na Marangu kupanda mlima. Tukishuka, bibi alitupokea kwa kilio cha furaha na neno lilelile kila mwaka: "Wageni wangu wa Mwanza." Tuliwekwa sebuleni. Binamu zetu walikata majani ya ng'ombe, waliteka maji, walimenya ndizi. Nikisimama kwenda kusaidia, bibi alinishika mkono. Kaa, mjukuu wangu, umechoka na safari. Nilikuwa nimechoka na safari kwa wiki tatu mfululizo, kila mwaka, kwa miaka kumi na saba. Hakuna mahali duniani ambapo jina langu la ukoo lina uzito zaidi, na hakuna mahali nilipopewa kazi kidogo zaidi. Kirombo changu ni cha kuokoteza. Nikisalimia, watu wazima wanafurahi kama unavyofurahi mtoto wa Mzungu akisema "shikamoo."

Kufikia hapa hoja yangu ilikuwa imenyooka, na niliipenda: nyumbani ni pale wanapokupa jembe. Kisha nikamkumbuka mama, ikavunjika.

Kwa sababu mama hakuwahi kukaa sebuleni Rombo. Alikuwa hajamaliza hata kuvua kanga ya safarini, ameshapiga magoti mbele ya sufuria, anamenya ndizi za watu arobaini. Yeye jembe alipewa saa ya kwanza, si siku ya tatu. Siku ya Krismasi alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja aliulizwa kama ng'ombe auzwe, kama mgomba ukatwe, kama Desemba inayofuata twende au tusiende. Kazi ilikuwa yake, kauli haikuwa yake. Ikiwa jembe peke yake linamfanya mtu awe mwenyeji, basi hakuna mwenyeji wa Rombo kumshinda mama yangu, na mama yangu ndiye anayeiita "kwenu."

Mfano mkubwa zaidi wa kazi isiyotosha uko Tanzania hapahapa. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta kwetu wakimbizi wengi, na serikali ikawapa maeneo ya kukaa na kulima: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Walipewa jembe kwa maana halisi ya neno. Wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe na kuwauzia wengine. Baada ya zaidi ya miaka thelathini, Tanzania ilifanya jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya: ikakubali kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 miongoni mwao. Lakini mwanzoni ilikuja na sharti. Ili wawe Watanzania iliwabidi waondoke kwenye makazi yale wakatawanyike mikoa mingine, na hati za uraia zikakaa muda mrefu zikisubiri uhamisho huo. Mpango wa kuwahamisha uliachwa baadaye, na mwaka 2014 ugawaji wa hati ukaendelea. Nafikiria ingekuwaje kuambiwa: sasa wewe ni wa hapa, kwa hiyo ondoka hapa. Watu wale walikuwa na jembe, na kwa miaka mingi walikuwa na makaburi pia, maana waliozika tangu 1972 walizika palepale. Bado aliyeamua walale wapi alikuwa mtu mwingine.

Kuhusu makaburi, Afrika Mashariki ina kesi moja ambayo kila mwenye baba na mama wa makabila mawili angepaswa kuisoma. Wakili Silvano Melea Otieno, maarufu S.M., alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mluo aliyeishi maisha ya mjini, na mkewe, Wambui, alikuwa Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki aliyepigania uhuru. Wambui alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong, kwenye shamba lao. Ukoo wa Umira Kager, pamoja na ndugu wa marehemu, walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Mwili ulikaa mochwari karibu miezi mitano huku mahakama zikibishana na magazeti yakiuza nakala. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi. Wiki moja baadaye alizikwa Nyalgunga, na mjane hakuhudhuria.

Kilichonivuta katika kesi hiyo ni kwamba ilikuwa ya kifalsafa waziwazi. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, yule aliyekuwa akiwahoji wazee vijijini ili kuonyesha kwamba falsafa haikuanzia kwenye vitabu vya Ugiriki, aliitwa kutoa ushahidi juu ya desturi za Kiluo. Na moja ya hoja zilizobeba kesi nzima ilikuwa ya msamiati: Mluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, lakini hiyo ni nyumba tu. Nyumbani ni jambo jingine, linaanzishwa kwa taratibu zake, na mtu halianzishi popote anapopata kiwanja. Kiswahili kinalijua hilo kwa herufi mbili. Nyumba ni tofali. Ukiongeza -ni, unapata mahali ambapo mtu anaweza kurudi.

Ninaposoma habari za kesi ile mimi huwa upande wa Wambui, na sijifichi. Lakini sipendi namna wenzangu wengi wa chuo wanavyoisimulia, kana kwamba ilikuwa usasa dhidi ya ushamba. Ukoo haukuwa unazua. Ulikuwa unashikilia kwamba mtu si mali ya mkewe peke yake, kwamba kuna watu waliomlea kabla hajakutana naye, na wao wana deni kwake na yeye ana deni kwao. Hiyo ni hoja ya haki. Baba yangu angeitoa neno kwa neno. Kasoro yake iko kwenye hesabu ya "sisi." Ukoo uliposema kwetu, ulimhesabu babu aliyekufa zamani, na haukumhesabu mwanamke aliyelala kitanda kimoja na marehemu kwa zaidi ya miaka ishirini. Wafu walikuwa ndani ya wingi, aliye hai akawa nje.

Nyumbani kwetu (nalitumia neno kwa makusudi) hakuna aliyekufa na hakuna kesi. Lakini sheria ipo na mama anaijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Halafu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kupika, kulea, kufua: yote ni jasho linalohesabika. Ni hukumu inayofundishwa vyuoni kwa fahari, na inastahili. Kinachosemwa kwa sauti ndogo zaidi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa. Aliwafungulia wanawake waliomfuata mlango, na yeye akaondoka mikono mitupu.

Nilimsimulia mama haya yote usiku mmoja, kwa msisimko wa mwanafunzi aliyekuta nyaraka. Nikamwambia baba hawezi kuuza bila saini yake, hata akitaka. Alikuwa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, sheria naijua. Mimi nataka aniulize."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo, kwa sababu linaeleza kilichokosekana kwenye methali yangu. Pale Tübingen sikujisikia mwenyeji siku kibao kilipotundikwa tu. Ilichukua miezi. Kijana wa ghorofa ya juu alipopitisha wiki yake bila kufagia, bibi wa chini alinigongea mlango na kuniuliza: tufanye nini? Hakuwa anataka nifagie badala yake. Alitaka shauri langu. Tulikaa jikoni kwake, akanipa keki ya matofaa, tukamjadili kijana wa watu kwa ukali uleule ambao wazee wa Rombo humjadili jirani aliyesogeza masale. Nikapendekeza tumwekee kibao chini ya mlango badala ya kwenye kitasa. Akakataa, akasema hiyo ni njia ya watu waoga, twende tumwambie. Tukaenda. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya nchi ya watu, viza yangu ina tarehe ya mwisho, Kijerumani changu kinajikwaa, na nilikuwa namwambia Mjerumani kwamba katika jengo letu hatufanyi hivyo. Nilisema letu. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Hata hivyo Tübingen siiiti kwetu, na sidhani nitaiita. Nina watu wawili watatu pale ambao wangeuliza nikitoweka wiki nzima, ambayo ni zaidi ya nilichotarajia. Lakini viza ni viza. Mahali panapoweza kukufuta kwa kalamu panaweza kuwa kwangu kwa furaha kabisa, na kuniletea amani nikifungua mlango jioni ya baridi; wingi unahitaji dhamana ya muda mrefu kidogo. Wapo wenzangu wanaojiita raia wa dunia. Nawaheshimu, ingawa nimeona kwamba wengi wao wana pasipoti zinazofunguliwa milango bila foleni, na kwamba dunia hii yao haijawahi kuwapa zamu ya kufagia.

Ninaloliamini kwa sasa ni jambo gumu zaidi kulisema kwenye simu ya familia. Naamini baba ana deni la kweli Rombo, na kwamba mtu akilikwepa deni la namna hiyo huishi vibaya. Naamini pia kwamba hawezi kulilipa kwa kokoto za mama. Si kwa sababu kifungu cha 59 kinakataza, bali kwa sababu deni ni lake na ukoo wake, na nyumba ile haikujengwa na ukoo. Kama kwetu Rombo inamhitaji mama ahamie, imhesabu. Imuulize mgomba upi ukatwe. Imuulize azikwe wapi, na ikubali jibu likiwa Lushoto, au likiwa kule kwenye miamba ya Mwanza ambako hakuna babu yeyote. Kaka yangu anasema hayo ni mawazo ya Ulaya. Mama hajawahi kufika hata Nairobi, na neno "aniulize" ni lake.

Nilimwambia baba sehemu ya haya mwezi uliopita. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si dogo kwake. Akasema, "Mama yako tangu lini amekuwa mgeni Rombo? Pale ni kwake." Nikamwuliza mbona yeye mwenyewe husema kwetu, na kwa mama amesema kwake. Akanyamaza. Nikasikia redio yake nyuma, taarifa ya habari ya asubuhi. Akaniambia nisome vizuri, tutaongea.

Sasa yuko Rombo kwa wiki tatu, anabadilisha mbao za paa zilizoliwa na mchwa, na dalali wa Mwanza ameshaleta mteja mmoja aliyetazama nyumba kwa nje bila kuingia. Jumapili tulipiga simu ya pamoja, watoto watatu, baba akiwa amesimama kwenye migomba ambako mtandao hushika, mama akiwa Mwanza. Tuliongea habari za mvua na bei ya mahindi. Katikati ya maongezi mama akasema amenunua mifuko sita ya saruji na fundi anaanza Jumatano, ukuta wa nyuma. Picha ya baba ilikuwa imeganda, kwa hiyo sikuona uso wake, lakini sauti ilikuwa inapita. Akauliza mfuko siku hizi ni shilingi ngapi huko.